BISMILLAHI KATIKA SANTURI YA BROOKLYN

Muislamu akitaka kula huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Akitaka kuandika barua, kupanda chombo au kufungua duka asubuhi, huanza vivyo hivyo. Kwa msomaji wa Lamu, Malindi au Mombasa hakuna la ajabu katika hilo. Lakini kijana aliyezaliwa Brooklyn katika jiji la New York, akakulia katika majumba ya serikali ya mtaa wa Bedford-Stuyvesant, akatoa santuri yake ya kwanza ya muziki wa kufokafoka, na mwanzo kabisa wa santuri hiyo, kabla ya ubeti wowote, ikasikika "Bismillahi Rrahmani Rrahim", hapo pana jambo la kutazamwa kwa makini.

Santuri yenyewe inaitwa Black on Both Sides. Ilitolewa tarehe 12 Oktoba 1999 na kampuni ndogo ya New York iitwayo Rawkus. Mfokaji wake, Mos Def, alikuwa na umri wa miaka 25. Alikwisha kushiriki katika santuri za wenziwe, na mwaka 1998 yeye na rafikiye Talib Kweli walitoa moja kwa pamoja chini ya jina la Black Star, lakini hii ya 1999 ndiyo ya kwanza kuitoa peke yake. Jina alilopewa na wazazi ni Dante Terrell Smith. Jina analolitumia leo ni Yasiin Bey. Wapenzi wa sinema huenda walimwona katika The Italian Job ya mwaka 2003 bila ya kujua kwamba yule bwana wa mabomu ni mtu aliyeanza santuri kwa Bismillahi.

Zaidi ya miaka 25 imepita tangu itoke, na sababu ya kuirudia ni kwamba vijana wa Pwani wanaofoka kwa Kiswahili wamekuwa wengi, na barazani swali ni lile lile kila siku: je, Muislamu aweza kufoka na akabaki na adabu yake? Wazee wengi hujibu upesi kwamba haiwezekani. Vijana nao hujibu upesi kwamba wazee hawaelewi. Santuri hii inafaa kuwekwa kati yao, maana haiwapi ushindi wa bure hawa wala wale.

RIKA MOJA NA MUZIKI WAKE

Muziki wa hip-hop una siku ya kuzaliwa. Wamarekani wenyewe huitaja tarehe 11 Agosti 1973. Siku hiyo msichana mmoja wa Bronx, Cindy Campbell, alifanya dansi katika ukumbi wa jengo walilokaa, nambari 1520 Sedgwick Avenue, apate fedha za kununulia nguo za shule. Aliyepiga santuri usiku huo ni kakake, Clive, aliyeletwa kutoka Jamaica akiwa bado mdogo, na ambaye watu walimwita Kool Herc. Herc alikuwa ametambua kwamba wachezaji hukingoja kile kipande ambapo waimbaji hunyamaza zikabaki ngoma tupu. Akatafuta santuri mbili zilizo sawa, kila moja akaiweka juu ya gramafoni yake, na kipande kikimalizika huku hukianzisha kule. Ngoma ikawa haina mwisho. Juu ya ngoma hiyo akatokea mtu wa kusema maneno. Kwanza yalikuwa maneno ya kuchangamsha watu, kisha yakaja ya vina, na mwishowe hadithi nzima.

Mos Def alizaliwa tarehe 11 Desemba mwaka huo huo wa 1973, yaani miezi minne kamili baadaye.

Uislamu wake nao una historia inayostahili kuelezwa, kwa kuwa wengi huku kwetu huwachanganya Waislamu weusi wa Marekani wote kapu moja. Babake alikuwa mfuasi wa Nation of Islam, ile jumuia ya Elijah Muhammad iliyokuwa na itikadi ambazo Waislamu wa kwingineko hawakuzikubali, mojawapo ikiwa ni kumfanya Elijah kuwa mjumbe wa Mungu. Elijah alipofariki Februari 1975, mwanawe Warith Deen Mohammed alishika uongozi, akawageuza wafuasi walio wengi kuelekea njia ya Sunna: swala tano, saumu ya Ramadhani na udugu usiobagua rangi. Babake Mos Def alikuwa miongoni mwa waliomfuata imamu huyo. Kijana alifunzwa na babake namna ya kutawadha akiwa na miaka 13, lakini shahada hakuitamka mpaka alipofika miaka 19, kwa hiari yake mwenyewe. Kwa hiyo ile Bismillahi si pambo la kupendezesha santuri. Ni ya mtu aliyefikiri miaka sita kabla ya kuingia.

Hali ya muziki wenyewe wakati huo haikuwa ya kutia moyo. Tupac Shakur alikuwa amepigwa risasi na kufa Septemba 1996. Miezi sita tu baadaye, Machi 1997, The Notorious B.I.G., mtoto wa Brooklyn hiyo hiyo, akafa kifo cha aina hiyo. Nyimbo zilizovuma zilikuwa za magari, mikufu ya dhahabu na wanawake wasio na majina.

KISIMA KIMOJA

Wimbo wa kwanza, Fear Not of Man, umejengwa juu ya mdundo wa Fela Kuti wa Nigeria, aliyetoa wimbo wenye jina karibu sawa na hilo mwaka 1977, na ambaye naye humo alimtaja Kwame Nkrumah. Baada ya Bismillahi, Mos Def hafoki. Anazungumza tu kama mtu aliyeketi na wenziwe. Anajibu swali analoulizwa sana kuhusu hatima ya hip-hop, na jibu lake ni kwamba muziki huo haukai mbali na watu. Watu ndio wenyewe, na hali yao ikiharibika nao utaharibika. Kisha anamgeukia Mungu na kukumbusha kwamba mwanadamu, pamoja na mitambo yake yote ya kuchungulia na kusikiliza, haoni kila kitu, na si wa kuogopwa.

Mtu aliyelelewa na tenzi hataona ugeni hapa. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inaanza kwa Bismillahi. Utendi wa Tambuka ambao Bwana Mwengo wa Athumani aliuandika Pate mwaka 1728 unaanza kwa Bismillahi. Washairi wetu walikuwa wakiomba idhini kabla ya kufungua kinywa, maana walijua kwamba maneno yakishatoka hayarudi. Sidai kwamba kijana wa Brooklyn aliwasoma washairi wa Pate. Hana haja ya kuwasoma. Wote wamechota katika kisima kimoja, mmoja kwa ndoo ya Kiarabu na Kiswahili, mwengine kwa ndoo ya Kiingereza cha mtaani.

Hata katika ufundi, tofauti si kubwa kama inavyodhaniwa. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane. Mfokaji wa Marekani kwa desturi huandika ubeti wa mistari 16, kila mstari ukibeba mapigo manne ya ngoma. Hizo 16 zimekutana kwa bahati tu, nisieleweke vibaya. Linalotenganisha ni kwamba mizani ya mfokaji haihesabiwi kwa vidole. Aweza kusukuma silabi nyingi ndani ya pigo moja, au akanyamaza nusu ya mstari, mradi arejee kwenye ngoma kwa wakati. Vina vyake navyo haviketi katikati na mwisho peke yake, bali hutawanyika popote apendapo, na msikilizaji hodari huviokota. Muyaka bin Haji, aliyejua kumjibu mtu papo hapo, angeelewa mchezo huu siku ya kwanza, na siku ya pili angetafuta mtu wa kushindana naye.

MANENO YA UMI

Wimbo wa nane unaitwa Umi Says. Msikilizaji wa Marekani alilazimika kuelezwa Umi ni nani. Msikilizaji wa Kibokoni hahitaji mkalimani: ni neno lile lile la Kiarabu ambalo nyumba nyingi za Pwani humwitia mama, na Abi anayetajwa humo ndiye baba.

Hapa hakuna kufoka hata kidogo. (Nikiwa hapo hapo, neno "kufoka" lenyewe limeonea muziki huu, maana kwetu anayefoka ni mtu mwenye hasira.) Mos Def anaimba, tena kwa sauti isiyo na mafunzo ya mwimbaji, inayopasuka pasuka, huku akipiga gitaa la besi mwenyewe. Kinanda kimepigwa na Weldon Irvine, mzee aliyeandika maneno ya wimbo maarufu wa Nina Simone, To Be Young, Gifted and Black. Maneno ya wimbo ni machache. Mama amemwambia kijana kwamba nuru aliyopewa asiifunike, aiache iwaangazie watu, kwa kuwa kesho hana mkataba nayo. Kijana naye hajibu kwa ushujaa. Anakiri kwamba ziko siku hataki kuwa askari wa vita vyovyote, ataka kuwa mtu kama watu. Anahofu. Lakini maneno ya mama hayamwachi, na wimbo unamalizika kwa dua moja inayorudiwa rudiwa, ya kuwatakia watu weusi uhuru.

Nani huku Pwani ataisikia na asimkumbuke Mwana Kupona? Mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua hatapona, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimwita bintiye Mwana Hashima akae karibu na wino na karatasi, akampa wosia. Wosia huo umesomwa na kusomeshwa mpaka leo. Wako wanaoupenda na wako wanaoukosoa kwa yale yanayomhusu mume na mke, lakini sura yake ni ile ile: mzazi anasema, mtoto anapokea, na maneno yanamtangulia mtoto katika maisha. Mwana Kupona alimpa bintiye maagizo yenye mpango, moja baada ya jingine, dini ikiwa mbele. Umi wa Brooklyn ametoa agizo moja tu. Ila tofauti iliyonigusa mimi ni nyingine. Katika utenzi tunamsikia mama, na Mwana Hashima hatujui alisema nini. Katika Umi Says mama yuko nyuma ya pazia, na tunayemsikia ni mtoto akihangaika na alichoambiwa. Ni kama nusu ya pili ya mazungumzo ambayo fasihi yetu imetupa nusu yake ya kwanza.

MAJI, HESABU NA GITAA

Mara baada ya Umi unafuata wimbo wa maji, New World Water. Huu ningependa uchezwe katika kila mkutano wa halmashauri. Mos Def anayazungumzia maji tangu bahari iliyowabeba watumwa kuvuka kwenda Marekani, hadi mfereji wa jikoni wenye maji yaliyochafuliwa kwa madini ya risasi, hadi makampuni yanayoyatia maji katika chupa na kuyauza, hadi nchi maskini ambako watu huoga kwa kopo huku wenye nacho wakiyamwaga kwa starehe. Ametabiri kwamba maji yatakuwa bidhaa ya kugombaniwa. Mwaka 1999 Wamarekani wengi walidhani ni maneno ya mshairi. Aprili 2014 mji wa Flint, jimbo la Michigan, ulibadilisha chanzo cha maji yake kwa ajili ya kupunguza gharama, na risasi kutoka mabomba ya zamani ikaingia katika maji ya kunywa, ikawafikia watoto. Wakazi wengi wa Flint ni watu weusi.

Kwa mkazi wa Mombasa, aliyezungukwa na bahari pande zote na bado akangojea mkokoteni wa mitungi asubuhi, wimbo huu hauna kitendawili.

Mathematics, wimbo wa kumi na sita, umetengenezwa na DJ Premier, mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hiyo, anayekata vipande vya santuri za zamani na kuvishona mpaka vikasema kitu kipya. Mos Def amejaza hesabu ndani yake: mishahara ya chini, magereza, fedha za silaha, idadi ya watu na idadi ya nafasi zilizopo. Ni wimbo wa mtu anayemtaka kijana wa mtaani ajifunze kujumlisha na kutoa kabla hajatolewa yeye. Rock n Roll nao unauliza ni kwa nini muziki uliozushwa na weusi kama Chuck Berry na Bo Diddley unahesabiwa kuwa wa Elvis Presley na Rolling Stones. Mwisho wake unageuka kuwa kelele za magitaa na mayowe. Mimi nilizipunguza.

Katika Got, uliotengenezwa na Ali Shaheed Muhammad, Muislamu mwengine, kijana anaonywa asitembee na mikufu ya thamani mahali penye njaa halafu ashangae akiporwa. Na wimbo alioimba pamoja na Q-Tip, ambaye pia aliingia katika Uislamu miaka ile ya tisini, unaeleza jinsi mtu mweusi anavyotazamwa dukani na ndani ya ndege hata akiwa na fedha na tikiti ya daraja la kwanza. Jina la wimbo huo lina tusi la rangi, na sitaliandika hapa.

MASHEKHE WATASEMAJE?

Hapa ndipo kwenye kazi. Wanazuoni husema kwamba Bismillahi haikihalalishi kilicho haramu. Mtu akiitamka juu ya gilasi ya pombe hajaitakasa pombe, bali amelikosea heshima jina la Mungu. Kwa hiyo anayedhani kwamba Mos Def amemaliza mjadala kwa kule kuanza na Bismillahi, hajauanza. Swali linabaki palepale: jambo lenyewe, baada ya Bismillahi, ni jambo gani?

Wako mashekhe wanaokataza ala zote isipokuwa dufu, na hoja zao zinajulikana misikitini kwetu. Lakini mlango huu haukuwahi kuwa na upande mmoja. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulumi d-Din kwa ajili ya usikilizaji wa nyimbo, na hakufunga mlango. Aliweka masharti: nani anaimba, anaimba nini, kwa ala gani, na msikilizaji ana nini moyoni mwake. Qur'ani Tukufu nayo, mwisho wa Surat Shuaraa, inawakemea washairi wanaotangatanga na kusema wasiyoyatenda, kisha inawatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mungu kwa wingi. Mtume mwenyewe (S.A.W.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit. Na sisi watu wa Pwani, tuseme kweli, tulizikwa na kuozwa kwa mashairi. Juma Bhalo na Zein l'Abdin walikuwa Waislamu, udi na fidla vilikuwa mikononi, na watu wazima waliosali Isha walikaa kuwasikiliza mpaka usiku wa manane.

Tukiipima santuri hii kwa masharti ya Ghazali, baadhi ya nyimbo zake zinapita bila ya shida. Umi Says inapita. New World Water, kwa maana yake, inapita. Fear Not of Man ni mawaidha. Lakini wimbo wa nne, Ms. Fat Booty, ni hadithi ya mapenzi ya klabuni. Imesimuliwa kwa ustadi mkubwa wa hadithi, mwanzo wake, tumaini lake na kuvunjika kwake, na imepambwa kwa sauti ya Aretha Franklin iliyokatwa kutoka santuri ya zamani. Ni kweli pia kwamba kijana mwenye kuisikiliza mbele ya babake ataizima kabla babake hajamwambia. Na matusi yamo. Hayamo katika wimbo huo tu, yamo hata katika nyimbo zenye ujumbe mzuri, na hilo haliwezi kufunikwa kwa kisingizio kwamba ndiyo lugha ya mtaani.

Maoni yangu ni kwamba matusi hayo ni upungufu wa dini, na kwetu sisi yangekuwa upungufu wa fani vilevile. Kiswahili kina mafumbo. Mshairi wa Mombasa akitaka kumtukana mtu humzungumzia embe bovu, au kunguru, au jahazi lililopasuka, na mtukanwaji hujijua, na asiyehusika hubaki akisifu shairi. Kijana wa kwetu anayechukua kwa Mos Def yale matusi na kuyaacha yale maji na ile hesabu, amekwenda sokoni akarudi na maganda.

Lakini pia siwaungi mkono wanaosema kwamba kijana huyu angenyamaza. Santuri inamwonyesha mtu kama alivyo akiwa na miaka 25: anasali, anapenda, anakasirika, anaionea fahari Brooklyn mpaka kuiimbia wimbo mzima wenye midundo mitatu tofauti, na anaogopa. Hakungoja awe walii ndipo amtaje Mola wake. Alianza na jina Lake halafu akaweka wazi yaliyomo, mazuri na mabaya.

BAADA YA SANTURI

Watu waliipokea. Iliingia katika orodha ya santuri 200 za Billboard ikiwa nambari 25, na mapema mwaka 2000 ilipewa cheti cha dhahabu, ambacho Marekani maana yake ni nakala 500,000. Kwa kampuni ndogo kama Rawkus hilo lilikuwa jambo kubwa, ingawa udogo wake nao ulikuwa na siri: nyuma ya vijana walioianzisha palikuwa na fedha za James Murdoch, mtoto wa tajiri wa magazeti Rupert Murdoch. Hata nyimbo za kuwasema matajiri zina matajiri wake.

Jambo lililopima maneno yake halikuwa mauzo. Tarehe 4 Februari 1999, miezi minane kabla ya santuri kutoka, Amadou Diallo, kijana wa Kiislamu kutoka Guinea aliyekuwa akiuza vitu vidogo vidogo barabarani, aliuawa mlangoni mwa nyumba aliyokaa Bronx. Askari wanne wasiovaa sare walifyatua risasi 41. Diallo hakuwa na silaha. Alichokuwa amekitoa ni pochi yake. Februari 2000 mahakama iliwaachilia askari wote wanne. Mwaka huo Mos Def na Talib Kweli waliwakusanya wafokaji wengi wa New York, wakatoa santuri ya pamoja iliyoitwa Hip Hop for Respect, kupinga mauaji ya namna hiyo.

Mwaka 2011 alitangaza kwamba jina la Mos Def analiacha, na kuanzia hapo ni Yasiin Bey. Julai 2013, Ramadhani ikikaribia, wafungwa wa Guantanamo wakiwa wamegoma kula, alikubali kufungwa katika kiti mbele ya kamera na kuingizwa mpira puani kama walivyokuwa wakilishwa wafungwa hao kwa nguvu. Hakustahimili. Aliomba waache, akalia. Filamu hiyo fupi ilitolewa na gazeti la The Guardian la Uingereza pamoja na shirika la Reprieve, na ilitazamwa duniani kote. Habari za gereza hilo si za mbali kwetu, kwani mmoja wa waliokuwa humo wakati huo ni Mkenya aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007, ambaye hakurudishwa nyumbani mpaka Desemba 2024.

Santuri ya 1999 bado inauzwa kwa jina lake la zamani, na hupatikana pia kwenye intaneti. Ina nyimbo 17 na inachukua zaidi ya saa moja. Mwenye umri mkubwa asiyejua pa kushika, na aanze na wa kwanza, kisha arukie wa nane na wa tisa, Umi na maji, ambazo kwa bahati njema zimefuatana. Wa nne anaweza kuupita. Wa mwisho, May–December, hauna neno hata moja, ni ala tupu, na unaweza kupigwa mbele ya mtu yeyote.